Kitambaa cha Dari ya Gari Kikianguka, Mkosaji si Gundi

Katika viwanja vya kuegeshea magari vya kambi za Kampala, iwe Nsambya au Naguru kwa upande wa polisi, iwe Mbuya au Makindye kwa upande wa jeshi, yapo magari mengi ya familia yaliyokwisha kula chumvi nyingi. Injini zake bado hunguruma vizuri, breki hushika, na bodi haina kutu ya kutisha. Lakini anayechungulia ndani huona aibu iliyofichika: kitambaa cha dari kimeachana na paa na kuning'inia kama chandarua kilichokatika kamba.

Ugonjwa huu huanza kidogo kidogo. Kwanza hutokea uvimbe usiozidi kiganja cha mtoto, aghalabu karibu na kioo kikubwa cha nyuma, mahali ambapo jua hupiga kwa muda mrefu, au pembeni mwa taa ya ndani. Mwenye gari huubonyeza kwa kidole, nao hutulia siku mbili tatu. Baada ya wiki kadhaa uvimbe hukutana na mwenzake, na upepo unaoingia dirishani wakati gari likienda huujaza mithili ya tanga. Mwisho wa safari hiyo kitambaa hulala juu ya kofia ya dereva, na abiria wa nyuma husafiri wakiwa wameinamisha vichwa kana kwamba wamo msibani.

Wengi hulihesabu jambo hili kuwa la urembo tu, la kungojea mpaka mshahara uruhusu. Hesabu hiyo ina kasoro. Kitambaa kikishuka kwa upana wa viganja viwili mbele ya kioo kikubwa cha nyuma, kile kioo kidogo cha ndani ambacho dereva hutazamia nyuma hakina kazi tena. Mama anayewapeleka watoto shule kupitia njia panda ya Wandegeya asubuhi, huku bodaboda zikimpita kulia na kushoto, hubaki na vioo vya pembeni peke yake. Navyo havionyeshi kilichojificha nyuma kabisa ya gari. Kadhalika, kabla kitambaa hakijaanguka chote, huanza kumwaga vumbi laini la rangi ya kahawia. Askari wa trafiki anayevaa sare yake nyeupe alfajiri na kuingia garini akiwa nadhifu, huteremka kazini akiwa na mabega yaliyonyunyiziwa mfano wa unga wa kakao. Vumbi hilo hilo huwaingia watoto machoni.

Tena ipo hasara ya mfuko. Familia nyingi hulipia kazi hii mara mbili, na nyingine mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza ilitibiwa dalili na ugonjwa ukaachwa pale pale. Sababu yake ni dhana iliyoenea kila mahali kwamba gundi ya kiwandani ilikuwa mbovu, na kwa hiyo dawa yake ni gundi nyingine. Gundi hiyo husingiziwa. Kinachokufa ni sponji.

SPONJI ILIYOZEEKA

Magari ya zamani sana hayakuujua ugonjwa huu. Katika Volkswagen ile ya mgongo wa duara, kitambaa cha dari kilishonwa mifereji, na ndani ya mifereji hiyo zikapitishwa nyaya ngumu zilizopindwa kama upinde kutoka upande mmoja wa paa hadi mwingine. Kitambaa kilivutwa kikakazwa pembeni. Kingeweza kuchanika au kuchafuka, lakini hakikuwa na pa kuanguka, kwa kuwa kilishikwa kwa waya.

Baadaye viwanda viligundua njia rahisi zaidi. Huchukuliwa ubao mwepesi uliofinyangwa kwa nyuzi zilizogandishwa, wenye umbo lile lile la paa. Juu ya ubao huo hubandikwa kitambaa ambacho mgongoni kina tabaka jembamba la sponji, unene wa milimita tatu au nne hivi. Sponji hiyo huficha mikwaruzo ya ubao, hupunguza kelele, na humpa anayeigusa dari hisia ya ulaini. Ubao mzima huingizwa garini kama kifuniko na kushikizwa kwa taa, mishikio na vikinga jua. Kazi ya siku nzima ikawa ya dakika chache, na gari likapungua gharama.

Sponji yenyewe ni ya jamii ya poliurethani, kemikali iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake. Ni jamii hiyo hiyo inayotoa magodoro, viti vya sebuleni na soli nyingi za viatu. Ni kitu chenye faida kubwa, lakini aina zake nyingi zina adui wawili: joto na unyevu. Mvuke wa maji ulio hewani huingia ndani ya sponji na kukata polepole ile minyororo ya kemikali inayoifanya ishikamane, na joto huiharakisha kazi hiyo. Kwa macho sponji huonekana bado ipo. Kwa kidole imekwisha kuwa unga.

Askari hahitaji maabara kulielewa jambo hili. Wengi wamewahi kutoa buti kabatini, buti zilizohifadhiwa miaka mingi ndani ya boksi bila kuvaliwa, wakatembea nazo hatua hamsini na kuona soli imepasuka ikamwagika njiani kama mkate mkavu. Ngozi ilikuwa nzima, uzi ulikuwa mzima, hata rangi iling'aa. Kilichotokea kwenye soli ndicho kinachotokea juu ya kichwa cha dereva.

Sasa Kampala ipo karibu kabisa na ikweta, kando ya Ziwa Viktoria, na mvua zake ni za misimu miwili kwa mwaka. Gari lililofungwa madirisha na kuachwa juani huweza, kwa muda wa saa moja, kuwa na joto linalozidi lile la nje kwa nyuzi 20 na zaidi. Bati la paa, hasa la rangi nyeusi au buluu iliyokolea, hukaribia nyuzi 70 au kuzipita. Halafu jioni mvua hunyesha, na watu watano wenye nguo mbichi hupanda ndani. Joto mchana, mvuke jioni, mwaka hadi mwaka: sponji ikiweza kuvumilia hayo kwa miaka kumi na mitano imejitahidi.

Na magari yenyewe mengi hufika Uganda yakiwa na umri. Toyota Corolla ya aina ya 100, ambayo watu wa Kampala waliipa jina la Kikumi, ilitengenezwa katika miaka ya 1990, na zile ambazo bado zinatembea zimekwisha kupita miaka ishirini na mitano. Marekebisho ya sheria ya trafiki ya mwaka 2018 yalikataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kuundwa kwake. Lakini hata gari la miaka kumi na miwili, lililoruhusiwa na sheria, huja na sponji iliyokwisha kutumia sehemu kubwa ya maisha yake katika majira ya joto ya Japani. Wala si Wajapani peke yao. Land Rover Discovery za miaka ya 1990 zilipata sifa mbaya ya dari duniani kote, hata huko Uingereza zilikotoka, ambako jua ni mgeni.

DAWA ZA UONGO

Mtu akielewa kwamba sponji imegeuka unga, ataona mara moja kwa nini dawa nyingi za mitaani hazifai. Ya kwanza ni kupenyeza gundi kwa sindano kupitia kitambaa. Gundi hiyo hushika unga, na unga haukushika kitu. Siku ya kwanza dari huonekana imenyooka; wiki ya tatu huanguka tena, safari hii ikiwa na madoa ya manjano na mabonge magumu yasiyotoka. Kitambaa ambacho pengine kingetumika kuwa kielelezo cha kukatia kipya huwa kimeharibika kabisa.

Ya pili ni pini. Hapa yafaa kusema kweli: pini za kuzungusha, zile zenye mfano wa kizibuo, si dhambi. Zikipangwa kwa mistari iliyonyooka huweza kumsaidia mtu mpaka mwisho wa mwezi, na kioo cha ndani kikaonekana. Lakini pini za kawaida za mshonaji hulegea kwa mtikisiko wa barabara na kuanguka vitini, na mtoto mchanga hakagui kiti kabla ya kukikalia. Ya tatu ni kufunika kitambaa kibovu kwa kipya bila kukiondoa cha kwanza. Huku ni kupaka rangi ukuta unaobomoka.

Wengine hukichana kitambaa chote, wakakitupa, na kuendesha gari na ubao mtupu wenye unga wa kahawia. Familia yenye mtoto wa pumu isithubutu.

KABLA YA KUMWITA FUNDI

Lipo swali moja la kujibiwa kwanza: je, kitambaa kimeanguka kwa uzee au kwa maji? Dari iliyoanguka kwa uzee huwa kavu, na vumbi lake husambaa kila mahali. Iliyoanguka kwa maji huwa na duara la kahawia lenye ukingo ulioiva, na hunuka kama nguo zilizosahauliwa ndani ya beseni. Maji hupenya penye mguu wa antena, penye skrubu za kichanja cha mizigo juu ya paa, au penye mpira wa kioo cha mbele uliokauka. Magari yenye dirisha la juu yana vijibomba vyembamba vya kutolea maji kwenye pembe zake, na jani moja la mwembe latosha kuviziba.

Kupima ni rahisi. Mmoja humwaga maji polepole juu ya paa, akianzia chini na kupanda, na mwingine hukaa ndani na tochi. Kuvuja kuzibwe kwanza. Dari mpya iliyowekwa chini ya paa linalovuja haimalizi msimu mmoja wa mvua.

Baada ya hapo ndipo familia iamue kama kazi itafanywa nyumbani au itapelekwa kwa mafundi. Kampala haina uhaba wa mafundi. Ndeeba na Katwe, sehemu mbili zilizopakana kusini-magharibi mwa katikati ya mji, zimejulikana kwa miaka mingi kwa kazi za mikono za kila namna, na wenye kushona viti vya magari hawakosekani. Vibanio vya plastiki, mishikio na vikinga jua vilivyovunjika hutafutwa kwa wauza vipuri wa Kisekka. Lakini wingi wa mafundi si uhakika wa kazi njema, na mazungumzo ya namna hii husikika mara kwa mara:

"Fundi, dari hii utaitengeneza vipi?"

"Nnyabo, hapa hapa. Napiga gundi, nabonyeza, nusu saa unaondoka."

"Na ubao utaushusha?"

"Kuushusha kwa nini? Ubao hauna ubovu."

Mama anayesikia jibu hilo achukue funguo zake na kuaga kwa heshima. Haiwezekani kuondoa sponji iliyooza bila kuushusha ubao, kama isivyowezekana kuosha sufuria ikiwa bado iko jikoni na chakula ndani. Fundi wa kweli atasema kwamba kazi ni ya siku nzima, kwamba gari litalala, na kwamba kitambaa kitalipiwa kwa meta na ufundi kando. Atamwonyesha mteja kitambaa chenye sponji yake mgongoni, kisha atamwonyesha kopo la gundi. Ni haki ya mteja kulishika kopo hilo na kulisoma.

Gundi ndiyo sehemu ambayo ubahili huumiza. Ile ya kushonea viatu hushika barabara kivulini, lakini nyingi za aina hiyo hulainika karibu na nyuzi 60, na paa la gari hupita hapo saa saba ya mchana. Inayotakiwa ni gundi ya kugusanisha iliyoandikwa wazi kwamba ni ya kazi ya magari na kwamba huvumilia nyuzi 70 au zaidi. Kitambaa nacho kisiwe shuka wala kitenge. Wapo waliofunika dari kwa kitenge chenye maua, na kwa kweli gari lilipendeza kwa siku chache. Lakini gundi ilipenya nyuzi na kutokeza upande wa pili kama jasho. Vipande vya godoro pia havifai, kwa kuwa ni vinene mno, na taa na mishikio havirudi tena mahali pake. Gari dogo la milango minne huhitaji karibu meta mbili za kitambaa chenye upana wa meta moja na nusu. La familia lenye buti ndefu huhitaji karibu tatu.

KAZI YENYEWE

Anayeamua kuifanya nyumbani anahitaji mwenzake mmoja, bisibisi, wembe, brashi ngumu, glavu, kitambaa cha kuziba pua na mdomo, na subira. Jambo la kutanguliza ni kuangalia nguzo za pembeni mwa vioo. Zikiwa na maandishi ya SRS AIRBAG, maana yake ndani ya kingo za dari umefichwa mfuko wa hewa unaofumuka gari linapogongwa ubavuni. Mifuko hiyo ilianza kuwekwa kwenye magari mwishoni mwa miaka ya 1990, nayo hufumuka kwa baruti. Gari la namna hiyo lisiguswe na mwanafunzi: lipelekwe kwa fundi anayejua umeme wa magari, betri ifunguliwe kwanza, na wala kusitiwe pini wala skrubu mpya kwenye kingo za dari. Mfuko uliozuiwa kufunguka ni sawa na mfuko usiokuwapo.

Katika magari yasiyo na mifuko hiyo, vikinga jua hufunguliwa, kisha mishikio, taa ya ndani, kulabu za makoti na vifuniko vya nguzo. Mipira ya milango huvutwa chini kidogo. Kila askari aliyewahi kufungua bunduki na kuifunga tena anaijua kanuni: kila kipande hulazwa juu ya nguo kwa mpangilio kilivyotoka, na skrubu za kila kimoja hukaa pamoja nacho. Skrubu za kikinga jua na za mshikio hufanana sana mpaka wakati wa kuzirudisha.

Viti vya mbele hulazwa chini kabisa. Ubao hushushwa na watu wawili na kutolewa kwa mlango wa nyuma wa buti, au, kwa gari lisilo na mlango huo, kwa mlango wa abiria wa mbele. Hapa ndipo wengi huharibu. Ubao huo ni mwepesi na mkavu kama ukoko. Ukipindwa kwa nguvu huvunjika katikati, na ufa wake hautafichwa na kitambaa chochote. Ni heri kutumia dakika kumi zaidi kutafuta pembe ya kuupitishia.

Kitambaa cha kale huvuliwa kwa mkono, mara nyingi bila upinzani wowote. Kisitupwe bado. Hulazwa juu ya kitambaa kipya kuwa kielelezo, na kipya hukatwa kikiwa kikubwa zaidi kwa upana wa kiganja kila upande. Sasa huja kazi chafu, nayo ndiyo kazi yenyewe: kuupiga brashi ubao mpaka unga wote wa kahawia umeondoka na ubao umeonekana. Hufanywa nje, upepo ukielekea mbali na milango ya majirani, pua zikiwa zimefungwa na nguo za kamba zimeanuliwa. Huchukua saa moja, pengine mbili. Mtu hupitisha kidole. Kidole kikitoka na vumbi, hajamaliza. Ubao usioshwe kwa maji, maana nyingi hututumka na kupoteza umbo.

Yote yanayofuata yanategemea saa hiyo moja ya brashi, na ndiyo saa ambayo fundi mwenye haraka huikata.

Kitambaa kipya hutandazwa juu ya ubao, kisha nusu yake hukunjwa nyuma. Gundi hupakwa au kupulizwa kwenye nusu ya ubao na kwenye nusu ya sponji, zote mbili, tabaka jepesi. Huachwa dakika chache kama kopo linavyoelekeza, mpaka ikiguswa inanata lakini haing'ang'anii kidoleni. Hapo kitambaa hulazwa polepole kuanzia katikati kwenda pembeni kwa kiganja kilichofunguka. Anayebonyeza kwa nguvu huibana sponji, nayo hubaki imebonyea milele. Penye mabonde ya ubao, kwenye makao ya taa na vikinga jua, kitambaa hushindiliwa kwanza mpaka chini. Kikivutwa kikapita juu ya bonde kama daraja, ndipo kitakapoanzia kung'oka. Nusu ya pili hufanywa vivyo hivyo. Kingo hukunjwa na kubandikwa nyuma, na matundu ya taa na skrubu hukatwa kwa wembe kwa alama ya msalaba kutoka katikati, kamwe si duara kamili.

Wake na mabinti waliozoea cherehani aghalabu huwashinda wanaume katika hatua hii, kwa kuwa wanajua kitambaa huvutwa wapi na huachwa wapi. Mwenye gari asione haya kukabidhi wembe.

SIGIRI NA GUNDI

Neno hili lahusu kila nyumba ya kambini. Gundi ya kugusanisha, hasa ile ya kupaka kwa brashi na ile ya kupuliza, hutoa mvuke unaoshika moto upesi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Hutambaa chini sakafuni kama maji, ukapita chini ya mlango na kuufikia moto ambao mtu hakuufikiria. Katika nyumba za kambi, ambako chumba kimoja hufuatana na kingine na sigiri ya makaa huwashwa barazani, fundi wa mlango wa tatu aweza kuuchoma mlango wa kwanza. Kazi hii haifanywi ndani ya chumba, haifanywi barazani wakati wa kupika, wala haifanywi na mtu mwenye sigara. Jirani mwenye sigiri aombwe, na afadhali kusubiri mpaka chakula kiive.

Mvuke huo pia hulevya. Mwenye kichwa kuuma au kizunguzungu asimame, atoke kwenye upepo. Watoto wasiachwe wauchezee mkebe, na kopo lililobaki lifungwe na kuwekwa mbali nao, mahali pasipo na joto. Buti ya gari lililo juani si mahali hapo. Gari lililorudishiwa dari hulala usiku mmoja madirisha yakiwa wazi kiasi, kabla ya mtoto yeyote kulala kiti cha nyuma.

GARI LINALONGOJA

Tangu Machi 2007 askari wa Uganda wamekuwa wakipelekwa Somalia kwa zamu, na gari la aliyesafiri huweza kukaa uwanjani mwaka mzima likiwa limefungwa kila upande. Hakuna linaloiua sponji kama kufungiwa hivyo, joto likipanda kila mchana na mvuke ukikosa pa kutokea. Anayebaki nyumbani huweza kulisaidia bila gharama: kulifungua milango nusu saa asubuhi za jua, kuliendesha mara moja kwa wiki mbili jambo ambalo betri nayo itashukuru, na kuweka kadibodi nyuma ya kioo cha mbele na cha nyuma. Kivuli ni bora kuliko yote, lakini kivuli huchaguliwa. Mfenesi una kivuli kizito kisichopenyeka, na wapo waliokifurahia hadi tunda la kilo kumi lilipoiva na kushuka juu ya bati.

Kurudisha ubao ni kinyume cha kuutoa, ila taa ya ndani ndiyo hutangulia safari hii, kwa kuwa hushika katikati na kuwaachia watu wawili mikono yao. Nyaya zake zipitishwe tunduni kabla ubao haujainuliwa. Wengi huzikumbuka baada ya kufunga skrubu ya mwisho. Kisha vikinga jua, mishikio, vifuniko vya nguzo, na mipira ya milango ikirudi juu ya kingo. Dereva hukaa mahali pake na kukiweka upya kile kioo kidogo cha ndani, ambacho kwa miezi mingi kilikuwa kimeelekezwa popote, mpaka kioo kikubwa cha nyuma kionekane chote ndani yake.

Kipande cha kitambaa kinachobaki, hata kikiwa cha nusu meta, kikunjwe na kuhifadhiwa kabatini. Kikinga jua cha upande wa dereva nacho kina sponji ndani, na umri wake ni ule ule.